Bakteria amepatikana, samaki bado wanakufa

Picha hufika kabla ya salamu. Perege amelazwa juu ya jani la mgomba, jicho limemtoka, na chini yake maneno matatu: "Nimpe dawa gani?" Masika yakikatika hapa Bagamoyo napokea picha za namna hiyo kutoka Kaole, Mbegani, kando ya Ruvu, na siku hizi hata Pangani na Mkinga, maana namba ya simu haina mipaka. Nami hujibu kwa swali ambalo limeshaniudhia watu wengi: wamekufa saa ngapi?

Samaki yeyote anayekufa bwawani, ukimpasua utamkuta na bakteria. Maji yamejaa bakteria, ute wa ngozi umejaa, utumbo umejaa. Kumkuta si kazi. Kazi ni kujua kama ndiye aliyeua au amekuja matangani tu. Kwa hiyo nimepanga maelezo haya kwa jinsi watu wanavyonieleza shida zao, si kwa majina ya magonjwa. Jina la ugonjwa huja mwisho, na kuna siku haliji kabisa.

"Jioni walikula vizuri, alfajiri wote wanaelea"

Huyo si bakteria. Bakteria hata akiwa mkali huanza na wachache: leo watano, kesho kumi na wawili, keshokutwa thelathini. Kifo cha usiku mmoja, wakubwa kwa wadogo, kimetoka kwenye maji, na mara nyingi ni oksijeni. Maji matamu yenye joto la nyuzi 30 yakishiba oksijeni hubeba kama miligramu 7.5 tu kwa lita. Maji ya bahari hubeba 6 na ushei. Mchana ule mwani mdogo unaoyapa maji rangi ya kijani huzalisha oksijeni. Usiku nao huivuta, samaki wanavuta, matope ya chini yanavuta, na kiwango hufika chini kabisa karibu na adhana ya alfajiri. Ukiamka saa hiyo utawaona wako juu, midomo wazi, wanagugumia. Ukiamka saa mbili asubuhi utakuta maiti tu na utaanza kuulizia dawa.

Tumbukiza mkono wima bwawani, kiganja kimekunjuliwa. Kiganja kikipotea machoni na maji bado hayajafika kiwikoni, kijani kimezidi. Punguza samadi, punguza pumba, na usiku huo washa pampu irushe maji juu.

Kwa mabwawa yanayolishwa na bahari nauliza pia mwezi. Wakati wa bamvua lango linafunguliwa na maji mapya yanaingia. Wakati wa maji mafu bwawa linakaa siku kadhaa na maji yaleyale, chakula kilekile kinaoza chini. Mwenye kufuga mwatiko kwenye mashamba ya chumvi anaijua kalenda hii kuliko mimi, ila huisahau akishaona jicho limetoka. Mvua kubwa nayo ina lake: maji matamu ni mepesi, hukaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi, na yale ya chini hayapati hewa.

Wakitapatapa saa nane au tisa mchana, jua likiwaka, fikiria amonia, uchafu utokao kwa samaki na kwa chakula kinachooza. Kipimo cha amonia peke yake hakitoshi, lazima upime na pH, yaani uchachu wa maji. Kwenye joto la nyuzi 30, pH ikiwa 7, sehemu yenye sumu haifiki hata 1 kati ya 100 ya amonia yote. pH ikiwa 8 inafika kama 7. Ikiwa 9, inakaribia 45. Na maji ya kijani sana hupandisha pH mchana. Acha kulisha, ingiza maji mapya, na tafadhali usimwage chokaa siku hiyo. Chokaa inapandisha pH na utakuwa umewamalizia.

Halafu hapa ndipo watu hupotea. Wale walionusurika usiku ule hawakutoka salama. Mashavu wanayopumulia yameumia, ute umepungua, kinga imeshuka. Siku kadhaa baadaye, wakati mwingine wiki, wanaanza kufa kidogo kidogo: wekundu kwenye mashina ya mapezi na tumboni, tumbo limejaa maji, magamba yamesimama. Sampuli inapelekwa, inaota Aeromonas hydrophila, na mwenye bwawa anaambiwa ana ugonjwa wa bakteria. Ni kweli anao. Lakini Aeromonas huyo alikuwa bwawani tangu siku ya kwanza, akiishi na samaki hao kwa amani. Ukimuua kwa dawa na oksijeni ukaiacha ilivyo, mwezi ujao atakuja mwingine.

"Wanazunguka kama pia, macho yametoka"

Hii ndiyo picha inayonifanya niache chai. Sato au perege mkubwa, karibu na kuuzwa, anaogelea kwa kuzunguka, mwili umepinda, jicho moja au yote mawili yametoka na pengine yana ukungu mweupe. Wanakufa wachache kila siku, na hawakomi. Kama ni miezi ya kaskazi na maji yamechemka, nafikiria Streptococcus, hasa S. agalactiae au S. iniae. Huyu si mgeni wa matanga. Anaua kweli, na anapenda joto.

Kosa kubwa hapa ni kuchukua sampuli ya ini peke yake. Samaki anayezunguka ana shida kichwani, kwa hiyo sampuli ya ubongo ni ya lazima. Fungua fuvu kwa kisu kilichopitishwa kwenye moto, gusa ubongo kwa waya safi, paka kwenye sahani ya kuoteshea. Kwenye darubini, kwa rangi ya Gram, ile ya maabara ya kutofautisha bakteria, utaona viduara vya zambarau vimeshikana kama shanga. Aeromonas na Vibrio, bakteria mwingine wa majini, ni vijiti vyekundu, kwa hiyo rangi hiyo peke yake imeshakutenganishia makundi mawili.

Jicho kutoka peke yake, bila kuzunguka, halithibitishi kitu. Nimeshaona macho yakitoka kwa sababu ya mkwaruzo wa wavu.

"Mgongoni kama amevaa tandiko, mashavu yameoza"

Uliza: waliguswa lini? Mabaka meupe yanayoelekea njano kuzunguka pezi la mgongo, mapezi yaliyochanika, mashavu yenye sehemu zilizokufa rangi ya udongo, siku moja au mbili baada ya kuvuta wavu, kupima uzito au kuhamisha vifaranga: hii ni sura ya Flavobacterium columnare, kama maji ni matamu. Hapendi chumvi nyingi. Kwenye maji ya bahari kuna ndugu yake, Tenacibaculum maritimum, ambaye huacha mabaka yanayofanana na hayo pamoja na kuoza mdomo.

Huhitaji kungoja sahani iote. Kwangua baka kidogo, weka kwenye kioo na tone la maji ya bwawa, tazama kwenye darubini. Vijiti virefu vyembamba, vinateleza polepole na kujikusanya kama mabua yaliyosimamishwa shambani baada ya kuvuna. Kioo hichohicho kitakuonyesha kama kuna Trichodina, mdudu wa duara anayezunguka kama sahani, au minyoo ya mashavuni. Mara nyingi wapo wote pamoja: mnyoo ametoboa ngozi, bakteria amepita mlangoni. Kumtibu bakteria na kumwacha aliyefungua mlango ni kazi ya bure.

"Wana vidonda"

Kidonda ni neno, si ugonjwa. Aeromonas hufanya vidonda, Vibrio hufanya vidonda, korongo aliyekosa windo hufanya kidonda. Kuna pia Aphanomyces invadans, anayefanana na kuvu na wala si bakteria, aliyejulikana kusini mwa Afrika baada ya mlipuko wa vidonda kwa samaki wa mto Chobe na Zambezi miaka ya 2006 na 2007. Antibiotiki haimwezi huyo. Kipande cha kidonda kinachohitajika ni cha ukingoni, pale nyama nzima inapokutana na iliyooza. Katikati utapata uozo tu.

Na vaa glovu. Vibrio vulnificus wa maji ya chumvichumvi huingia kwa binadamu kupitia mchubuko mkononi, na kwa mtu mwenye ini bovu au kisukari anaweza kuua. Najua glovu zinaudhi kwenye joto la Tanga. Vaa.

Ukimpasua samaki ukakuta wengu na figo vimejaa vipunje vyeupe kama chenga za mchele, hasa wakati wa kusi maji yakiwa yamepoa, usitegemee sahani za kawaida. Francisella hufanya hivyo kwa perege na sato, na haoti bila lishe maalumu yenye sisteini. Hapo omba kipimo cha PCR, kinachotafuta chembe za urithi za mdudu bila kumwotesha. Omba pia wakupimie kirusi cha sato, TiLV, kilichoelezwa kwa mara ya kwanza 2014 na kuripotiwa Ziwa Victoria mwaka 2018. Kirusi hakioti kwenye sahani yoyote, na samaki mwenye kirusi hupata bakteria haraka.

"Maabara wamesema hakuna kilichoota"

Mara ya kwanza kupeleka sampuli mwenyewe, nilipeleka maabara ya hospitali moja, kwa sababu ilikuwa karibu na mhudumu alikuwa jirani. Siku ya tatu nikaambiwa: hakuna ukuaji. Nikafurahi, nikamwambia mzee mwenye bwawa samaki wake hawana bakteria. Mzee akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, sasa hawa thelathini wa asubuhi wamekufa kwa mawazo?"

Sahani tupu mara nyingi ni kosa la mtu. Haya ndiyo niliyojifunza kuyakagua, kwa utaratibu ambao ningeyakagua leo.

Kwanza, je, samaki walishapewa dawa? Watu hawasemi. Uliza kwa upole, uliza mara mbili, uliza na kijana anayelisha. Kwenye kisa changu, jirani wa yule mzee alikuwa amechanganya tetrasaikilini ya kuku kwenye pumba kwa siku 5. Bakteria alikuwepo, amelewa tu kiasi cha kushindwa kuota.

Pili, sampuli ilisafiri ndani ya nini? Nimeletewa figo ndani ya fomalini na kuombwa niioteshe. Fomalini inaua kila kitu; ni ya kuhifadhi umbo la nyama kwa ajili ya kukatwa na kutazamwa. Inatakiwa asilimia 10 iliyosawazishwa, mara kumi ya ujazo wa nyama, vipande visizidi sentimita 1. Ya PCR iwekwe kwenye spiriti kali ya asilimia 95. Ya kuotesha isiwekwe kwenye chochote kati ya hivyo. Mgeni wa kazi hii aandike kwenye chupa kabla hajatia kitu.

Tatu, joto. Maabara za hospitali zimezoea binadamu, huotesha kwenye nyuzi 37. Samaki wetu hawana joto la mwilini mwao wenyewe; nyuzi 25 hadi 30 ndizo zinazofaa kwa bakteria wao wengi. Streptococcus agalactiae hatajali 37, lakini wengine watakataa. Ulaya ya kaskazini tofauti ni kubwa zaidi: huko hutumia karibu nyuzi 15, na sahani hungojwa siku kadhaa. Mwenye haraka hutupa sahani siku ya pili na kuandika "hakuna".

Nne, chumvi. Vibrio aliyetoka kwenye bwawa la bahari ukimpandikiza kwenye lishe isiyo na chumvi ya kutosha, wengi wa jamii yake hawataota. Mwambie mtu wa maabara samaki ametoka maji gani, na umpe kipimo cha chumvi kama unacho. Mimi sikumwambia. Nilimpa mfuko wa plastiki na kusema "samaki wa mzee".

Na mwisho ni samaki mwenyewe. Aliyegandishwa kwenye friza si sampuli nzuri ya kuotesha. Atakiwaye ni anayekaribia kufa, bado anapumua, na wawe watano au zaidi. Wawili watatu wazima wa bwawa hilohilo uwaongeze kwa kulinganisha. Kama maabara iko mbali, waweke kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, mfuko ndio ukae juu ya barafu, na basi la kwenda SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, liondoke asubuhi hiyo. Vinginevyo pasua hapohapo kando ya bwawa: futa ubavu kwa spiriti, choma kisu, inua ukuta wa tumbo bila kutoboa utumbo, gusa wengu na figo ya mbele kwa waya uliopita motoni. Ukitoboa utumbo, anza na samaki mwingine. Usijidanganye kwamba umefuta.

"Maabara wamesema vimeota vitu saba"

Hili ni gumu kuliko sahani tupu, kwa sababu linafanana na mafanikio. Sahani imejaa vidoa vya rangi tano, mtu anachagua kile kikubwa, anakipa jina, anakijaribu kwa dawa, na bwawa linapata mshitakiwa.

Sababu ya kawaida ni samaki aliyekufa zamani. Kwenye nyuzi 30, saa chache zinatosha bakteria wa utumbo kutapakaa mwili mzima. Aliyekuwa anaelea tangu usiku hana ushahidi wa kutoa. Dalili ya sampuli nzuri ni sahani inayochosha kuitazama: vidoa vya aina moja, vingi, kutoka figo ya samaki wengi, na samaki wazima wa kulinganisha hawana kitu.

Lakini hata sampuli ikiwa safi, swali linabaki, na hapa nimejifunza zaidi kwa samaki ambao hawapo kwetu. Norwei na Uskoti wafugaji wa samoni hutia samaki wasafishaji ndani ya vizimba ili wale chawa wa samoni. Ni kazi ileile ambayo wapiga mbizi wa Tanga huiona kwenye matumbawe, yule mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni, Labroides dimidiatus, akiingia kinywani mwa chewa na kutoka salama. Kule hutumiwa hasa Labrus bergylta na yule wa mviringo mwenye vinundu, Cyclopterus lumpus, anayejibandika kwa kifyonzi cha tumboni. Wamefugwa kwa mamilioni na kufa kwa wingi, na wanasayansi wakapasua, wakaotesha.

Kwa baadhi jibu lilisimama. Aeromonas salmonicida wa aina zisizo za kawaida alionekana tena na tena, akiacha vinundu vyeupe kwenye figo na wengu. Akitiwa kwa samaki wazima huwaua, na chanjo zikatengenezwa. Vibrio anguillarum vivyo hivyo. Lakini kwa Labrus na ndugu zake, sahani zilikuwa zinaota Vibrio splendidus kila mara. Angetosha kulaumiwa. Walipowatia samaki wazima, matokeo hayakufanana: aina moja iliua, nyingine haikufanya kitu. Ni bakteria anayeishi baharini kila mahali, na wengi walimwona kuwa mfuata mzoga kwa samaki ambao tayari wamevuliwa kwenye mitego, wamesafirishwa, wamewekwa kwenye kizimba chenye mkondo na jirani mkubwa mara kumi yao.

Robert Koch, daktari Mjerumani aliyechunguza bakteria, alidai zamani kwamba mshitakiwa apatikane kwa wagonjwa, atengwe, awaugueze wazima, kisha apatikane tena kwa hao. Mfugaji wa Kaole hana matangi ya kufanyia hivyo. Ana daftari. Tarehe, wangapi wamekufa, wakubwa au wadogo, rangi ya maji, mvua, bamvua au maji mafu, wavu ulivutwa lini, vifaranga wapya waliingia lini na kutoka kwa nani. Nipe daftari la wiki mbili na karatasi ya maabara, nikilazimika kuchagua kimoja nitachukua daftari.

"Tumewapa dawa, wanaendelea"

Samaki mgonjwa hali. Dawa iliyo kwenye chakula wanaila wazima, na wagonjwa wanakufa kama ilivyopangwa. Ndiyo maana dawa ikichelewa haina faida, na ndiyo maana "nafuu" ya siku ya nne mara nyingi ni kwamba waliokuwa wafe wameshakufa.

Oksitetrasaikilini kwenye maji ya bahari ina shida nyingine: hushikana na kalsiamu na magnesiamu za maji hayo na nguvu yake hupungua sana. Mwenye mwatiko anayemwaga unga huo bwawani anailisha bahari. Kama kirusi, mnyoo au Aphanomyces ndiye chanzo, hakuna antibiotiki itakayosaidia. Na kama ni Streptococcus kweli, dawa ichaguliwe kwa kipimo cha usugu, kwa maelekezo ya daktari wa mifugo, kwa siku zote alizotaja, kisha zingojwe siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Najua sikukuu ikikaribia bei ni nzuri. Hata hivyo.

Yule mzee wa "kufa kwa mawazo" tulirudi kwake na waya, spiriti na kipima pH. Alfajiri tuliwakuta wako juu wanagugumia. Alinitajia kwamba mwezi ule lango la maji lilikuwa limekwama kwa matope tangu bamvua iliyopita, na kwamba alinitajia mara ya kwanza pia, ila nilikuwa nimeinama nachukua sampuli. Tulizibua lango kwa majembe. Waliokufa tuliwafukia mbali na mkondo, na chokaa juu, maana kuwatupa kwenye mikoko ni kumpelekea jirani kwa maji yanayojaa jioni.